Mstari wa Nyanya Uliozaa Mbuzi

Jani la nyanya halinuki kama nyanya. Nyanya yenyewe ina harufu ndogo, ya maji tu, lakini jani lake ukilifikicha linatoa kitu kikali, kama dawa ya kuogeshea mifugo iliyochanganyika na vumbi la mvua ya kwanza, na rangi yake ya kijani inabaki vidoleni hata unawe kwa sabuni. Nilikuwa katika siku arobaini za uzazi, nimeketi mkekani nanyonyesha, mama mkwe wangu akaingia na mfuko kutoka sokoni. Nyanya moja ilikuwa bado na kikonyo chake na jani. Nikalichukua jani, nikalifikicha, nikanusa. Hasira iliyonipanda ilinishangaza mwenyewe, maana nilidhani jambo lile lilishapita.

Niseme kwanza kwa nini nilikuwa na hasira wiki ile hata bila jani. Kwetu, mtoto akizaliwa na kitovu chake kikadondoka, hutajiwa mnyama wa kike. Huitwa hudunhir, mnyama wa kufungia kitovu. Kuanzia siku hiyo mnyama ni wake, na kila atakachozaa ni chake, na watakachozaa hao ni chake pia, kwa hiyo mtoto anakua na mali yake inakua pembeni yake. Kitovu cha binti yangu kilikuwa kimeshadondoka siku nyingi na hakuna mtu aliyetaja hata kuku. Nilipomuuliza mume wangu, alicheka.

"Sisi ni watu wa mjini," alisema. "Tumfungie kitovu na nini, pikipiki?"

"Pikipiki haizai," nikamwambia.

Akaenda zake kunywa chai. Mimi nikabaki na mtoto, na baada ya siku mbili tatu likaja hilo jani.

Mimi nilikuwa na Adey. Alikuwa mbuzi mweupe mwenye doa moja jeusi chini ya jicho, aliyetajwa siku kitovu changu kilipodondoka, huko upande wa Modogashe tulikokuwa tukiishi. Mbuzi wote wa Aabo, baba yangu, walipasuliwa sikio la kulia. Adey na wanawe walipasuliwa la kushoto, ili yeyote atakayewaona malishoni ajue hawa ni wa yule msichana. Wakafika tisa. Kila jioni walipoingia zizini niliwataja kwa majina hata kabla sijajua kuhesabu, na jina likikosa kuitikiwa nilianza kulia. Halafu ukaja ule ukame ambao wenzangu wa rika langu hamhitaji kusimuliwa. Walikufa ng'ombe, wakafuata kondoo, wakafuata mbuzi. Adey alikuwa wa mwisho. Hooyo, mama yangu, alimmiminia maji mdomoni kwa kikombe kile kile tulichokuwa tukigawana sisi, na maji yakatokea upande wa pili wa mdomo yakaingia mchangani.

Tukahamia Garissa. Aabo aliingizwa katika kikundi cha watu waliomaliza mifugo, wakagawiwa vipande vya ardhi kando ya Tana, na pampu moja ya kushirikiana. Hakuwa amewahi kulima. Siku ya kwanza alilibeba jembe nyuma ya shingo, mikono miwili imening'inia juu ya mpini, vile wachungaji wanavyobeba fimbo. Jirani yetu wa shamba, Mama Jilo, alimtazama akija hivyo akaweka chini ndoo yake ili acheke vizuri. Mama Jilo alikuwa Mmunyoyaya, mmoja wa watu wa mtoni, ambao walikuwa wanalima pale kabla mji haujawa mji. Alikuwa mfupi, sauti nene, na alimfundisha baba yangu kilimo kwa kumtukana taratibu kila asubuhi.

Yeye ndiye aliyesema tuanze na nyanya za msimu wa Deyr, zile mvua fupi za mwisho wa mwaka. Lakini mbegu huziweki mvua ikishaanza. Unaziweka kabla, joto likiwa bado kali kiasi kwamba mchanga unaunguza nyayo, ili mvua ikija ikute miche ina miguu. Tatizo lilikuwa kivuli. Kitalu bila kivuli kwa jua la Garissa ni mbegu za kukaanga. Aabo alisimama akatazama huku na huku, kisha akarudi nyumbani, akaleta mikeka ya nyumba yetu ya kuhama nayo, ile ambayo Hooyo aliisuka kabla ya ndoa yake na tuliibeba juu ya ngamia maisha yote. Alikunja fito zile zile za nyumba juu ya kitalu, akafunika. Ikawa nyumba ndogo, na ndani yake miche ya nyanya. Hooyo alikuwa mjamzito. Alisimama pale akashika ukingo wa mkeka mmoja, akasema tu, "Basi wamepata nyumba kabla yetu." Sisi tulikuwa tunaishi kwenye chumba cha mabati.

Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini nilifikiri vile nilivyofikiri, nitawajibu kwamba sikuwa mjinga. Nilikuwa nawaona wakubwa. Aabo mwenyewe aliichunga ile nyanya. Tulipohamisha miche shambani, aliinywesha kama anavyonywesha ngamia kisimani. Siku nyingi bila tone, halafu siku moja anafungua mfereji maji yanafika magotini, miche inywe mpaka ishibe. Matunda ya kwanza yakatoka na matako meusi yaliyooza.

"Hii nyanya nakufa, Mama Jilo," alisema kwa Kiswahili chake. "Maji nimepa mingi."

"Umezipa lini?"

"Siku tisa imepita. Wakakunywa sana."

"Hizi si ngamia, baba. Hazina pa kuweka. Kidogo, kila jioni. Mpaka nije nikulalie shambani?"

"Haye, haye," alisema Aabo, na tangu siku hiyo alimwagilia kidogo kila jioni, lakini usoni alionekana mtu anayefanya jambo la aibu.

Ni yeye aliyenipa mstari. Ulikuwa wa mwisho, upande wa mto, miche ishirini hivi iliyobaki dhaifu. Aliniona nimechuchumaa pale naongea peke yangu. Nilikuwa nawataja mbuzi wangu kwa majina. Akasimama, halafu akasema, "Haya, hawa ni badala ya Adey. Hudunhir yako ni hii." Nakumbuka maneno yenyewe, na nakumbuka kwamba alisema "hawa," si "hizi."

Nikafanya kazi kama mwenye mali. Kila mche ulikuwa na kijiti cha kuegemea, nami nilichukua kisu cha Hooyo nikakata alama juu ya kila kijiti, upande wa kushoto. Nikawapa majina ya wale tisa, na waliobaki wakawa wana wao. Nilikuwa darasa la pili. Nikitoka shule, naenda madrasa, nikitoka madrasa, naenda kwa mifugo yangu, na hivyo ndivyo nilivyoiita mbele ya watu, hata mwalimu akadhani baba yangu bado ni tajiri.

Mvua za Deyr zikaja, na nyanya zikaruka juu. Hapo Mama Jilo akatufundisha kuvunja machipukizi. Kati ya shina na tawi kunatoka kichipukizi kidogo laini, nawe unakivunja kwa kidole gumba ili nguvu iende kwenye tunda. Aabo alivunja mstari wake, Hooyo akavunja huku ameshika kiuno. Walipofika kwenye wangu nilisimama mbele yao nikapanua mikono.

"Sogea," alisema Mama Jilo.

"Hao ni watoto wao."

"Nani?"

"Hao wadogo. Wamezaliwa jana. Mnawavunja shingo."

Mama Jilo alimgeukia Aabo. "Huyu mtoto wako yuko sawa kichwani?"

Aabo alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shuka. "Mwache. Ni hudunhir yake. Ataichunga mwenyewe."

Nikaachwa. Mstari wangu ukawa kichaka. Hakuna aliyevunja kitu, wala kuchuma tunda bichi, maana mimi nilijua mnyama mwenye mimba hachinjwi. Matawi yakalala chini, yakapanda juu ya vijiti, yakashikana. Mama Jilo akapita kila asubuhi akisema, "Salama, Mama Mbuzi? Zizi limelalaje?" Wakulima wengine wakalichukua jina. Hata leo nikipita upande ule wapo wanaoniita hivyo.

Kisha mvua zikakatika mapema. Mliokulia huku mnajua inavyokuwa. Siku moja mawingu yapo, siku ya pili upepo mkavu umeanza na jua linashuka kama limetumwa. Mistari iliyovunjwa vizuri, iliyosimama wima na matunda yake nje kwa adabu, ikaungua. Kila nyanya ilikuwa na baka jeupe ubavuni upande wa jua, kama alama ya chuma cha moto kwenye paja la ngamia. Maua yakadondoka kabla ya kufunga tunda. Shamba zima la kikundi likawa hivyo. Mama Jilo mwenyewe alipata hasara. Jioni moja akaja kwenye kichaka changu, akachuchumaa, akainua matawi kwa mkono mmoja. Ndani kulikuwa na unyevu, na nyanya zimejaa, nyekundu, kila moja kivulini mwake.

Kisha akasema, "Haya, Mama Mbuzi. Umetushinda." Msimu uliofuata aliacha majani mengi kwenye mistari yake, na hakuna aliyemcheka.

Nilifurahi mpaka nikashindwa kulala mchana siku ya Ijumaa. Mifugo yangu ilikuwa imezidi ya wote. Nilikuwa na mpango. Nyanya zingine zingeachwa ziive kabisa, Mama Jilo angenionyesha kutoa mbegu na kuzikausha, na msimu wa pili ningekuwa na mistari miwili, halafu minne. Mali inavyokua. Nilimweleza Hooyo, naye akasema vizuri, lakini alikuwa anaongea kwa tabu, tumbo limeshuka. Siku mbili baadaye akamzaa Abdi.

Mwana wa kiume, baada ya wasichana watatu. Nyumba ilijaa watu. Kitovu cha Abdi kikadondoka, na wazee walikuwa wamekaa pale, na baba yangu hakuwa na mnyama hata mmoja wa kutaja. Leo nikiwa mama naelewa alivyoona aibu. Naelewa, lakini kuelewa si kusamehe, tusichanganye.

Nilirudi kutoka madrasa, nikapitia shambani kama kawaida. Nikaukuta mstari umechumwa wote. Si zilizoiva tu. Na zile za kuivia njiani, na zile za kijani ngumu, zote, kwa sababu wiki ile hakukuwa na nyanya nzima mji mzima na wachuuzi walikubali chochote. Matawi yalikuwa yamepinduliwa tumbo juu. Kichipukizi kimoja kilikuwa kimevunjika kinaning'inia kwa ngozi. Harufu ya majani ilikuwa nzito kiasi kwamba niliila. Hiyo ndiyo harufu niliyoisikia katika uzazi wangu, mtoto kifuani.

Nilipofika nyumbani, mlangoni kulikuwa na mbuzi jike amefungwa kwa kamba, kahawia, anatafuna boksi. Nilikuwa nalia. Aabo akanishika bega, akaniambia kwa upole, na hapa nasema ukweli wake, hakuwa mtu mkali. Akasema, "Usilie. Tazama. Nyanya zako zimezaa mbuzi."

Nikanyamaza pale pale. Nilikuwa na miaka minane. Maneno ya baba ni maneno ya baba. Nyanya zilikuwa hudunhir yangu, mbuzi amezaliwa na nyanya, basi mbuzi ni wangu. Sikuona pa kukosea. Nikamkumbatia shingo, nikampa jina.

Kesho yake walimpasua sikio la kulia.

Niliwaambia, "Mmekosea, wangu ni la kushoto." Aabo akasema huyu ni wa Abdi. Nikasema, "Amezaliwa na nyanya zangu, wewe ulisema." Chumba kizima kikacheka. Mjomba wangu alicheka mpaka akamwaga chai. Nikasema tena jioni, wakacheka. Nikasema kwa majirani, kwa mwalimu, kwa Mama Jilo. Mama Jilo ndiye peke yake hakucheka, aliendelea kukatakata nyasi na kusema, "Mm." Nilisema mpaka nikawa kichekesho cha ukoo, mtoto ambaye nyanya zake huzaa mbuzi. Siku moja nikaacha kusema. Nikamchunga yule mbuzi wa kahawia miaka yote, nikamkamua, Abdi akanywa. Alizaa mapacha mara mbili. Walipokuwa wengi walipelekwa kwa mjomba huko Modogashe, na mpaka leo ni kundi, na ni la Abdi.

Nyanya sikulima tena. Aabo aliendelea misimu michache, kisha mto ulifurika ukachukua pampu.

Lakini kisa alikihifadhi. Ni kisa chake cha wageni. Anakisimulia vizuri, na mikono: mtoto amesimama mbele ya mche, Mama Jilo ameshika kiuno, kichaka, jua, nyanya nyekundu ndani. Kila mara anaishia pale pale, Mama Jilo aliposema umetushinda. Watu wanacheka, wananitazama kwa upendo. Nami kwa miaka yote nilitabasamu.

Siku ya arobaini walikuja kwangu, jamaa za mume na za kwetu. Dua ikasomwa, nyama ikaliwa. Aabo sasa ana ndevu nyekundu za hina na goti baya. Akapewa binti yangu ampakate, na mama mkwe akasema, "Mtoto huyu ana macho ya ukali." Aabo akasema, "Karithi. Hamjui mama yake alivyokuwa?" Akaanza. Mtoto mbele ya mche, Mama Jilo, kichaka. Mama mkwe anacheka, mume wangu anacheka. Umetushinda.

"Aabo," nikasema, "umalizie."

"Imeisha."

"Haijaisha. Nyanya zilienda wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mahali asipopajua. Sidhani alikuwa anaficha, na hilo ndilo lililoniunguza zaidi. Alikuwa amesahau. Mimi nilikuwa nimelibeba miaka kumi na tano na yeye alikuwa ameliweka chini siku ile ile.

Basi nikamalizia mimi. Mstari umechumwa, mbuzi mlangoni, sikio la kulia. Sikupaza sauti. Nilipomaliza hakuna aliyecheka, isipokuwa mjomba wangu aliyeanza halafu akaona yuko peke yake. Aabo akamgeukia Hooyo, kama kumwomba aseme binti yake anaota.

Hooyo alikuwa anaosha vikombe kwenye beseni. "Ni kweli," alisema bila kuinua kichwa. "Nilikuwa nimelala na Abdi pembeni, nikakusikia ukimwambia nyanya zimezaa. Nikasema moyoni, huyu atayaamini."

"Na wewe ulinyamaza," nikamwambia.

"Nilinyamaza."

Aabo akamwangalia mtoto aliyemshika. Akaniuliza, "Kwa nini hukusema, mama?"

"Nilisema," nikamjibu. "Nilisema kila siku. Mlicheka."

Mama mkwe ndiye aliyeuliza, maana wageni wana faida yao. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na huyu wa leo, kitovu chake kimefungwa na nini?" Mume wangu akatazama simu yake. Aabo alimrudisha mtoto mikononi mwangu, akavaa viatu, akaondoka na goti lake.

Baada ya wiki moja lori la mifugo kutoka Modogashe lilisimama barabarani. Abdi akashuka na mbuzi wa kahawia, jike, tumbo limejaa. Shule zilikuwa zimefungwa. Amekuwa mrefu kuliko Aabo, na ananiogopa kidogo.

"Aabo kasema nikuletee mmoja wa mtoto," alisema. "Hakusema yupi. Nimechagua mimi."

"Kwa nini huyu?"

"Ana mimba. Na ni wa uzao wa yule wa kwanza, yule wako." Akajikuna shingo. "Wengine wamesema nikuletee mwenye kuchechemea, nikakataa."

Nisiwadanganye kwamba hasira imeisha. Mbuzi mmoja hawezi kuimaliza, na kisa kile nimemwambia Aabo akikisimulia tena mbele yangu, akisimulie chote au anyamaze. Amekubali kunyamaza. Lakini nilimlaza binti yangu kwenye mkeka, nikaleta kisu. Abdi akashika miguu. Hooyo, aliyekuwa amekuja kunipikia, akashika kichwa.

"Usimuumize bure," alisema. "Ana alama tayari."

"Hiyo ya kulia si yetu."

Hooyo alikigeuza kichwa cha mbuzi polepole, akanishikia sikio la kushoto.